Maua ya Kwamkuyu

"Wivu," alisema Msafiri, akiwa ameshika kikombe cha kahawa kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika kito, "ni ugonjwa wa wanaume wanaonunua shati bila kulijaribu. Mimi mke wangu nilimchagua. Hata nikimkuta kakaa mkeka mmoja na jini, nitamuuliza jini anakunywa chai ya maziwa au ya rangi."

Baraza la kahawa la sokoni Maramba likamcheka kwa adabu, kwa sababu alikuwa ametangaza kwamba kahawa ya leo ni juu yake. Msafiri alikuwa dalali wa machungwa. Msimu ukipamba moto alikuwa mtu wa kutafutwa: anajua mti upi utakomaa lini, lori lipi linakuja kutoka Mombasa, na mkulima gani ana shida ya kutosha kukubali bei mbaya. Msimu ukiisha alikuwa mtu wa drafti. Na sasa masika ilikuwa katikati, machungwa yote ya wilaya yalikuwa mabichi na magumu kama ngumi ya mtoto, kwa hiyo Msafiri alikuwa akicheza drafti tangu chai ya asubuhi.

Aliyekaa upande wa pili wa ubao ni Sele, fundi baiskeli, ambaye ulimi wake ulikuwa na upepo kuliko pampu yake.

"Basi vizuri," alisema Sele, akisogeza kizibo cha soda taratibu. "Maana leo asubuhi nimepita Kwamkuyu, nimemwona shemeji Hasina na yule Mwarabu wa mjini. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mwenye mke hana wivu."

"Yaqoub? Yule anapima majani. Kazi hiyo, bwana."

"Sikatai. Ila majani yake anayapima kapiga goti."

"Kapiga goti?"

"Goti moja hivi. Na shemeji kasimama mbele yake, kamshikia mwavuli."

Msafiri akacheka. Alicheka vizuri sana, kicheko cha mtu mzima aliyeshiba. Mkono wake tu ndio ulioponyoka ukasogeza kete ambayo hata mgonjwa wa homa asingeisogeza, na Sele akamla mfululizo, akamwacha na ubao mtupu. Hapo Msafiri akakumbuka kwamba ana shughuli nyumbani. Akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali, akarudia wa shati.

"Niandikie," alimwambia muuza kahawa kwa sauti ya chini.

"Usihangaike," akajibu muuza kahawa kwa sauti ya juu. "Shemeji kapita alfajiri akienda kazini. Kasema mume wangu akija, yeye na wenzake wanywe watakacho, keshalipa."

Baraza zima likatazama vikombe. Mtu mmoja akasema mashallah, na hiyo ndiyo iliyouma kuliko zote.

*

Nyumbani kwa Msafiri kulikuwa na mtu wa tatu, na mtu huyo ndiye aliyemfundisha kukohoa. Bi Mboni, mama yake Hasina, alikuwa amekuja kutoka Kigombe tangu mvua ilipolishinda paa lake, akawa anangoja kiangazi uani kwa mkwewe huku akisuka mikeka. Kwa mila ya kwao, mama mkwe na mume wa mwanawe ni kama petroli na kiberiti: kila mmoja akae mahali pake, na nyumba itadumu. Hawali pamoja, hawatazamani usoni. Msafiri akifika pembeni mwa nyumba hukohoa, Bi Mboni huvuta kanga mpaka puani, na salamu hupita ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeshindaje?"

"Nimeshinda salama."

Hapo mazungumzo ya siku yamekwisha. Msafiri alikuwa akisema anaijua sauti ya mkwewe kuliko sura yake, na kwamba akimkuta sokoni bila ya kusema neno angeweza kumuuzia machungwa mabovu.

Hasina alirudi alasiri. Kanga yake ilikuwa imejaa mbegu za nyasi zilizomng'ang'ania kama watoto wa jirani siku ya pilau, akakaa mlangoni akianza kuzibandua moja moja.

"Nasikia leo mlikuwa na mwavuli," alisema Msafiri.

"Kulikuwa na manyunyu. Kamera haitaki maji."

"Na nasikia kuna mtu alipiga goti."

Hasina akaacha mbegu zake. "Ua lenyewe linanifika hapa magotini. Ulitaka alipige picha kapanda mnazi?"

"Na kahawa?"

"Kahawa gani?"

"Nani kakutuma ukanilipie kahawa mbele za watu?"

"Nimelipa alfajiri, hao watu wako wamelala. Juzi ulirudi umenuna kwa sababu huna ya kahawa. Leo umenuna kwa sababu unayo. Sasa mimi nishike lipi, Msafiri?"

Kwamkuyu ni uwanda wa nyasi chini ya vilima, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupagombania. Udongo wake ni mwembamba, mahindi yalikataa, na mihogo iliyojaribiwa pale ilitoka kama vidole vya mgonjwa. Lakini kila masika, katikati ya nyasi, hutoka maua: shina moja refu lililonyooka, na juu yake maua mengi ya manjano, kila moja na ulimi wake wa zambarau. Watu wa Maramba hawakuwa hata na jina la kuyaita, kama ilivyo kwa vitu visivyolika. Jina lilikuja na Yaqoub. Yeye aliyaita okidi, akasema yapo machache duniani, na kwamba shirika la mimea lililomtuma kutoka Tanga mjini linataka uwanda ule usiguswe. Babu yake Yaqoub aliwahi kuwa na duka la nguo hapo Maramba, kwa hiyo hata wazee waliokuwa hawaelewi neno waliitikia.

Na shirika lilimtaka mlinzi. Hasina alikuwa kwenye majaribio. Aliweka alama kwenye mashina, akaambiwa ayalinde mpaka maua yageuke vikoba vya mbegu na vikoba vikauke. Yakifika salama, kazi ni yake, na mshahara wa kila mwezi. Hasina alikuwa ameuza vitumbua, ameuza mkaa, ameuza hata nywele za kusukia. Kitu kinachoitwa mwisho wa mwezi alikuwa hajawahi kuwa nacho, na tangu aahidiwe alikuwa akilitamka neno hilo kama jina la mtoto anayemtarajia.

"Anakuitaje, huyo?" aliuliza Msafiri.

"Dada Hasina."

"Dada ndiyo njia."

"Naijua njia hiyo. Wewe ulianza na dada, ukaja na habari za nyumbani, mara nikajikuta hapa nachambua mchele."

Nyuma ya ukuta Bi Mboni akakohoa, na kikohozi chenyewe hakikuwa cha mafua.

*

Siku chache baadaye Yaqoub akaja nyumbani kusalimia, jambo ambalo Msafiri alilikuta limeshatendeka. Viatu vikubwa vya kupandia vilima vilikuwa vimepangwa mlangoni, na mwenye viatu alikuwa kaketi mkekani, ananukia udi, kavaa soksi. Msafiri alizikagua zile soksi kwa makini kutafuta tundu. Hazikuwa na tundu.

"Karibu shemeji," alisema Yaqoub, akinyanyuka, kana kwamba yeye ndiye mwenyeji. Alikuwa ameleta halua ya Ngamiani kule Tanga mjini, na tende. "Nimeona si adabu nimfanyishe dada kazi na nisimjue shemeji yangu."

Msafiri akashikwa mkono na mikono miwili laini. Lakini hakuwa akimtazama Yaqoub. Alikuwa akimtazama mtu aliyekaa kwenye kizingiti cha uani, akicheka, kanga iko mabegani, uso wazi kama mwezi. Ni kufumba na kufumbua tu, kwani Bi Mboni alipomwona mkwewe ameingia bila kukohoa alijifunika na kutoweka. Ila Msafiri alikuwa ameshaona. Mkwewe ana mwanya. Miaka yote hii amemwoa binti yake, na leo anajua kwamba mama ana mwanya kwa sababu mgeni kauchekesha. Yaqoub si mkwe, mila haimhusu. Kwake Bi Mboni alikuwa mama tu, na mama hujifunika kwa nini mbele ya mwana?

"Wa nyumbani hawajambo?" aliuliza Msafiri, akikaa.

"Hawajambo, wanakusalimu."

Zaidi ya hapo mwanamume hamwulizi mwenzake habari za nyumbani kwake, kwa hiyo Msafiri akabaki na swali lake, kama huyu ana mke au hana, mdomoni pamoja na halua.

"Haya maua yenu," alisema baadaye, "yana faida gani hasa? Asali?"

Yaqoub akafurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. "Hilo ua ni tapeli, shemeji. Asali halina hata tone. Rangi yote ile ni ya kumwita nyuki. Nyuki anaingia, anatafuta, hapati kitu, anatoka na unga wa ua mgongoni, anakwenda kutapeliwa kwa ua la pili. Ndivyo linavyopata mbegu."

"Na nyuki hajifunzi?"

"Wengine wanajifunza. Lakini kila siku yuko nyuki mgeni."

Hasina akacheka. Msafiri hakucheka. Alikuwa akijiuliza, kati ya watu watatu waliokaa mkekani hapo, nyuki ni nani.

"Na mtu akiling'oa akalipanda uani kwake?"

"Linakufa. Limezoea udongo wake, kuna ukungu humo ardhini ambao linakula nao sahani moja. Ukilihamisha, hata ulimwagilie maziwa, linakufa."

"Kwa hiyo anayelipenda inabidi alifuate liliko."

"Hasa, shemeji," alisema Yaqoub, akichukua tende. "Ndiyo maana kila wiki mnaniona."

*

Ijumaa Msafiri alivaa kanzu, akajipaka mafuta, akaaga kwamba anakwenda msikitini. Nia yake ilikuwa hiyo. Miguu nayo ilikuwa na nia yake. Njia ya msikitini inakata kushoto penye mashine ya kusaga, naye akajikuta anakata kulia, akijiambia kwamba anakwenda kutazama tu, kutazama si dhambi, na hotuba ya Ijumaa siku hizi ni ndefu.

Kwamkuyu ilikuwa imeoga mvua ya asubuhi. Nyasi zilikuwa zinameta, na maua ya manjano yalikuwa yamesimama humo kama watu waliofika mapema shughulini. Msafiri aliingia akipandisha kanzu kwa mkono mmoja. Akainama kwenye shina la kwanza, na hapo akasimama wima.

Shina lilikuwa limefungwa kitambaa. Chekundu. La pembeni yake, cheupe. La mbele yake, cheusi. Akageuka huku na huku, kumbe uwanda mzima ulikuwa umefungwa vifundo: chekundu, cheupe, cheusi, vimefungwa kwa fundo dogo la ustadi, mkono wa Hasina kabisa.

Mtu wa pwani jambo hili halijui kwa kusoma. Nyekundu, nyeupe na nyeusi ni rangi za kilingeni. Ndizo anazojifunga mganga, ndizo anazofunikwa mwenye shetani, ndizo zinazoning'inia penye mizimu. Laiti Msafiri angeona kitambaa kimoja cha kijani, kimoja tu, angekwenda zake kusali. Hakuona. Na papo hapo mambo yote yakajipanga kichwani mwake kama magunia kwenye lori: kahawa iliyolipwa alfajiri, mwanya wa Bi Mboni, soksi zisizo na tundu, na kwa nini tangu masika ianze amekuwa akimsikiliza mkewe kila anachosema, hata kufagia uwanja amefagia. Huku ndiko alikofungwa. Amefungwa yeye, ili mwingine afunguliwe mlango.

"Audhubillahi," alisema Msafiri.

Akavua kanzu akaitundika kichakani isichafuke. Akavua na fulana, maana ndiyo pekee iliyokuwa safi. Akapandisha kikoi mpaka mapajani, akasoma Ayatul Kursi, akaanza kufungua vifundo. Kufungua tu akaona hakutoshi, kazi ya mganga haiachwi na mizizi. Akashika shina akavuta. Ardhi ilikuwa laini, ikaachia bila ubishi, na chini ya shina kulikuwa na vinundu vyeupe vilivyoshikana kama tangawizi. Akavitupa kwenye korongo lililo chini ya uwanda. Akavuta la pili, la tatu, akaenda safu kwa safu, jasho likimtiririka mgongoni, na kila fundo lililofunguka alihisi kifua chake nacho kinafunguka.

Katikati ya kazi alijikuta ameshika shina moja bila kulitupa. Akalisogeza karibu na macho. Ulimi ule wa zambarau ulikuwa na mistari midogo, myembamba kama iliyochorwa na sindano. Lilikuwa zuri. Na hilo ndilo lililomkera kupita yote: kwamba amekata njia hapa tangu utoto wake na hajawahi kuliona, mpaka mwanamume mwingine alipolipigia goti.

Akalitupa kwa nguvu zaidi ya yale mengine.

Kisha akanawa kijitoni, akavaa, na akafika msikitini watu wanatoa salamu ya mwisho. Akatoka nao mlangoni, akipeana mikono.

*

Hasina alirudi jioni, ndoo mkononi, matope mpaka viwikoni. Hakulia. Alikaa mlangoni, akaitazama ndoo, kana kwamba kuna kitu alichokwenda kuchota na amesahau ni nini.

"Kwamkuyu hakuna kitu," alisema. "Yamebaki yale ambayo sikuyatia alama."

"Alama gani?" aliuliza Msafiri, akishughulika na utambi wa jiko la mafuta.

"Vitambaa. Chekundu ni ua lililochanua, cheupe lililoshika mbegu, cheusi lililonyauka. Jumapili wanakuja kutazama vyeupe na vyekundu ni vingapi. Nilivichagua mwenyewe. Yaqoub alileta vibao vya plastiki, nikamwambia vitapeperuka."

"Rangi hizo nazo ulizitoa wapi?"

"Kwa fundi cherehani. Alikuwa anashona sketi za watoto wa chekechea, kanzu za madrasa na mabuibui. Nikaokota vipande. Nilimwomba na vya kijani, hakuwa navyo." Akanyanyua uso. "Mbona umekuwa hivyo?"

Moshi wa jiko, alisema Msafiri. Ukweli ulikuwa umeshafika kooni. Ungetoka, angesemwa wiki mbili, angelala njaa siku moja, Yaqoub angecheka, na uwanda mkubwa ule usingekosa mashina mengine ya kufunga. Akafungua mdomo autoe. Kilichotoka kikawa kingine.

"Mbuzi," alisema.

"Mbuzi gani?"

"Wa Nehemia. Niliwaona nikitoka msikitini, wanatoka upande ule, wanatafuna."

Hasina akasimama, akaiacha ndoo ilipo, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Uani, mikono ya Bi Mboni iliyokuwa ikisuka ikatulia, halafu ikaendelea.

*

Shauri likawekwa Jumapili, ili Nehemia arudi kwanza kanisani, na likasomwa kibarazani kwa Msafiri, maana ndipo penye mlalamikaji. Mzee Masoud, mwenyekiti, alipewa kiti. Sele hakuitwa, akaja. Nehemia alikaa kwenye gogo na koti lake la kanisani, mtu mpole aliyehamia Maramba na mbuzi wake na hajawahi kugombana na mtu ila na hao mbuzi.

Kabla hawajaanza, gari likasimama. Yaqoub akashuka upande wa dereva, akazunguka mbio, akafungua mlango wa pili, na akashuka mwanamke mwenye tumbo kubwa la miezi ya mwisho. Kamba ya kiatu chake ilikuwa imefunguka. Mwanamke akaitazama, akalitazama tumbo, na Yaqoub akapiga goti pale pale kwenye vumbi, akamfungia.

"Mke wangu, Wijdan," alisema akijifuta goti. "Na ndiye mkubwa wangu wa kazi, kwa hiyo msinione ninapiga magoti ovyo."

"Shikamoo mzee," Wijdan alimwamkia Masoud, kisha akamshika Hasina mabega. "Nilitaka kuja tangu mwanzo, daktari kanikataza barabara hii. Kila jioni nasimuliwa Hasina, Hasina. Nikamwambia mume wangu, huyo Hasina nitamwonea wivu."

Watu wakacheka. Sele akamtazama Msafiri kuona kama naye anacheka. Msafiri alikuwa ameshika nguzo ya kibaraza.

"Nehemia," alianza Mzee Masoud, "mbuzi wako wameingia Kwamkuyu Ijumaa?"

"Mzee, Ijumaa mbuzi wangu walikuwa kambani. Tena nimekwenda kutazama mwenyewe. Mashina yameng'olewa na mizizi, yametupwa korongoni. Mbuzi wangu siwatetei, wanakula mpaka ndala. Ila mbuzi anayefungua fundo, akang'oa, akatupa bila kula, huyo mbuzi ningempeleka shule."

"Wamevimeza hivyo vitambaa," alisema Msafiri.

"Uliwaona?" aliuliza Masoud.

"Niliwaona. Kwa macho yangu haya, nikitoka kusali."

Masoud akakuna ndevu. Msafiri ni dalali, lakini ni mtoto wa hapa, na ametoka msikitini. Nehemia ni mgeni. "Basi, Nehemia, mimi naona utoe mbuzi wawili, tumalize kijirani."

Nehemia akainama. Wanaonyonyesha alikuwa nao wawili tu.

Wijdan alikuwa anamtazama Hasina. "Mbuzi mimi sina haja nao, mzee," alisema polepole. "Kazi tuliyompa dada ilikuwa moja tu, mifugo isiingie. Angekuwa mtu kafanya makusudi, hilo ni shauri jingine, mtu aliyekusudia hakuna mlinzi wa kumzuia. Lakini kama ni mbuzi, mchana kweupe, kundi zima, nitamwambia nini aliyenituma? Kwamba mlinzi tunaye? Nisamehe, Hasina. Kazi hii siwezi kukupa."

Hasina akaitikia kwa kichwa. Akakunja pindo la kanga kidoleni, akalikunjua, akalikunja tena. "Nilikuwa nafua," alisema. "Ijumaa ile nilibaki nyumbani nafua nguo za mume wangu. Ningekwenda asubuhi."

Mzee Masoud akamgeukia Msafiri mara ya mwisho, kwa huruma, kama anayemshikia mtu mlango. "Msafiri. Mkeo anapoteza kazi hapa. Una hakika ni mbuzi? Hukufananisha?"

Mlango ulikuwa wazi, wa kupita lori. Msafiri akaona nyuso zote: Sele ametoa shingo, Yaqoub ana huruma, Nehemia anatazama viatu vyake vya Jumapili. Akamwona Hasina, ambaye hakuwa anamtazama.

"Nina hakika," alisema. "Ni mbuzi."

"Mwenyekiti."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia la mlango, na Msafiri aliijua kabla ya wote.

"Naomba ruhusa nami niseme. Ila mkwe wangu asigeuke, nisije nikamkosea adabu."

"Sema, Bi Mboni," alisema Masoud. Msafiri hakugeuka.

"Ijumaa nilikuwa korongoni, chini ya Kwamkuyu, nakata ukindu. Nilikuwapo tangu kabla ya adhana. Mbuzi sikumwona hata mmoja. Niliyemwona ana miguu miwili."

Nehemia akanyanyua kichwa.

"Kupiga kelele nisingeweza. Alikuwa tumbo wazi, kikoi kakipandisha mahali ambapo mimi sipaswi kupaona. Nikajifunika kanga gubigubi, nikakaa chini kama kuku, maua yananiangukia kichwani na udongo wake. Nimekaa hivyo mpaka akamaliza, akaenda zake kunawa. Nikarudi nyumbani, nikanyamaza. Nikasema mwenye mdomo ataufungua mwenyewe. Nimemngoja juzi, nimemngoja jana, na sasa hivi mwenyekiti kamfungulia mlango, bado nikawa namngoja."

Sele akairudisha shingo yake.

"Na ulimtambua?" aliuliza Mzee Masoud, ijapokuwa sauti yake ilikuwa imeshajua.

"Uso sikuutazama, mwenyekiti," alisema Bi Mboni. "Angekuwa mtu baki ningemtazama, tena ningemtupia na panga la ukindu."

Msafiri alibaki kama alivyoambiwa, hakugeuka nyuma. Mbele yake alikuwa ameketi Hasina, ameliachia pindo la kanga, amenyanyua uso. Na yeye hakuna mila iliyomkataza kumtazama.